Na Mama Hadi Msalaba wa Chuma

Mwaka 2015, wiki tulipopata pasipoti za Marekani, mama aliniambia: "Miguu hii imetoka Burundi hadi kambini Tanzania, na kila mara nilikuwa nakimbia. Nataka safari moja ya kumshukuru Mungu." Kanisani alikuwa amesikia habari za njia ya mahujaji huko Hispania, na msalaba wa chuma ulio juu mlimani.

Mwezi Mei niliomba likizo ghalani ninakofanya kazi, Louisville, nikaendesha gari hadi mji wa Columbus, anakoishi mama, kumchukua. Tulilala Cheektowaga kwa mdogo wangu Evelina, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo ambako tungepandia ndege.

"Mama, mlima huo utauweza?" Evelina aliuliza.

"Magoti ni yangu," mama akajibu, akaendelea kukunja soksi.

Baada ya siku chache za kutembea Hispania tulifika Rabanal, kijiji cha mawe chini ya mlima. Asubuhi tukaanza kupanda katika ukungu. Tulipofika Foncebadón, kijiji cha mwisho kabla ya msalaba, goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Mwanamke mwenye nyumba ya wageni alileta barafu, akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba ataita teksi. Nilimtafsiria mama, nikitamani akubali.

"Mwambie asante. Aniazime fimbo tu."

Kipande kilichobaki kilikula asubuhi yote iliyosalia. Mama alisimama kila mahali: kusalimia ng'ombe, kunusa maua, kunisimulia jinsi baba alivyomposa, habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kambini alikuwa mbele daima, kuni kichwani, sisi watoto tukimkimbilia nyuma. Nilidhani huo ndio mwendo wake.

Juu tulikuta nguzo ndefu ya mti, kileleni mwake msalaba mdogo, chini rundo kubwa la mawe ambayo mahujaji huyabeba kutoka kwao. Mama aliweka jiwe lake, akainua mikono, akapiga vigelegele. Watu waligeuka, kisha wakashangilia. Mzee mmoja mgeni akavua kofia, akajaribu vigelegele naye. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia kwa furaha.

Tuliporudi Columbus, tukiwa kwenye barabara ya Morse Road, mama akasema, "Nishushe hapa."

"Mama, nyumbani bado mbali!"

"Najua."

Safari ile ilinifunza kwamba mama yangu, asipofukuzwa, ni mtu wa polepole. Nikaegesha gari mbele ya duka la vyakula, nikashuka, tukatembea.