Maisha ya Mtu Aliye Hai

Juzi mjukuu wangu Elibariki alikuja na kitabu ambamo mchezaji mpira kaandika maisha yake mwenyewe. "Bibi, hiki kinafaa kusomwa, hafichi hata mechi alizoboronga." Nikamkumbuka kaka yangu Elisante.

Alasiri moja, mimi nikiwa bado mtoto, alipanda huku milimani kutoka shamba la mkonge alikofanya kazi, na kitabu cha namna hiyo cha mchezaji mwingine. Sabuni ilikuwa imeadimika, shati lake lilinuka utomvu wa mkonge. Mama alikuwa akikoroga makande, Elisante akatusomea kwa sauti: mchezaji huyo alizaliwa wapi, wazazi wake nani. Nikaanza kulia. Kwetu maisha ya mtu yalisomwa siku ya kumzika tu.

"Nakunda, unamlilia nani? Huyu mzima, anacheza mpaka leo!" Elisante akacheka. "Na mimi nacheza. Yangu nayo yatasomwa, utaona."

"Koma! Usiseme hivyo nyumbani kwangu," mama akafoka.

Nikamng'ang'ania kaka shati mpaka jua likazama. Sikujua kwamba alitamani tu kukumbukwa kwa mpira wake.

Miaka mingi baadaye mzee wa kanisa aliyasoma ya Elisante mbele ya jeneza: kuzaliwa, ndoa, watoto, ugonjwa. Mpira hakuutaja. Nikasimama, mimi nisiyejua kusoma vizuri, nikasema, "Mzee, ngoja kwanza. Hujamaliza."