Siku Niliyoitoa Betri Alamu ya Hewa ya Mkaa

Jamani, afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana waliokuwepo siku ile walikuwa wanawake kumi na wanne na wote wana midomo, na kila mmoja anaisimulia kwa namna yake. Ukweli wenyewe ni wa aibu: mimi, Mama Eliya wa Chapwa, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, nusura niwaue wenzangu wa kanisani sebuleni kwangu kwa sababu ya wivu. Si uchawi, si chakula kibovu. Wivu.

Ulianza kwa jirani yangu Mama Lulu, ambaye tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Ana binti ambaye ni nesi huko Zambia, na binti huyo alipokuja kusalimia mwezi wa sita, baridi ya Tunduma imeshika (mnaijua, ile ya mtu kuyaangalia maji ya kuoga halafu akaahirisha), alimletea mama yake kidude cheupe, ukubwa wake kama mche mdogo wa sabuni, kina taa ya kijani. Akaeleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na moshi wala harufu, mtu anaumwa kichwa, analegea, analala na haamki tena, na hiyo alamu inaigundua hewa na kupiga kelele mapema ili watu watoke.

Mtu mwenye akili angesema Mungu ambariki huyo binti. Mimi nilichokiona ni mume wangu, Baba Eliya, juu ya ngazi ya Mama Lulu, ameshika drili, anakifunga kile kidude ukutani huku akiitikia kila anachoambiwa, "ehee, ehee," saa nzima! Mlango wa jikoni kwangu una mwaka haufungi vizuri na kila nikimwambia ni kesho. Aliporudi akakaa, akavua viatu, akasema, "Yule mama anaijali nyumba yake."

Maneno hayo tu. Yakanikwama kama mwiba wa samaki.

"Kwa hiyo mimi siijali?"

"Nimesema hivyo, Mama Eliya?"

"Hukusema. Umewaza."

Kesho yake nikavuka mpaka hadi Nakonde, nikazunguka maduka mpaka nikaipata alamu, tena yangu ilikuwa na kioo cha namba (ya Mama Lulu haina, nilihakikisha kwanza). Muuzaji akanipa na karatasi ya maelezo. "Mayo, usome hii kabla," akasema, maana kwao mama ni mayo. Ilikuwa ya Kiingereza, maandishi kama mayai ya chawa. Nikaikunja nikaitia kwenye droo ya vijiko.

Baba Eliya alipoiona akafurahi kweli. "Lete niifunge, tena nesi alitueleza milio yake, kuna ule wa..."

"Kapumzike," nikamkata. "Umechoka na kuta za watu."

Yote yaliyofuata yalizaliwa na jibu hilo. Nikachukua betri zangu mbili, nikapigilia msumari, nikaitundika pembeni ya televisheni ambapo hata kipofu angeiona. Nikabonyeza kitufe cha katikati: pi-pi-pi-pi! Kisha kimya. Nikaridhika. Kumbe ikibonyezwa inalia. Elimu yangu yote juu ya kile kitu iliishia hapo.

Sasa, maombi ya akina mama ya Alhamisi ile yalikuwa zamu ya Mama Lulu. Nikamfuata mwenyekiti wetu, Mama Simbeye, nikamwambia tuyahamishie kwangu maana kwa Mama Lulu pamebana (uongo mtupu, sebule yake inaimeza ya kwangu na veranda yake). Akakubali. Wakaja saa tisa alasiri, upepo unapiga mpaka mabati yanalia, kila mtu kajifunga vitenge viwili, na mimi mwenye ukarimu nikaingiza jiko kubwa la mkaa katikati ya sebule, nikafunga madirisha, nikafunga mlango. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Kwangu mimi bila moshi hakuna ubaya.

Kabla ya wimbo wa kwanza nikawaonyesha alamu. Nikaibonyeza ikalia, wakapiga vigelegele, nikamtazama Mama Lulu kwa pembeni. Alitabasamu tu. Hata tabasamu lake lilinikera.

Tukaimba, tukasoma neno, nikagawa chai na maandazi. Baada ya kama dakika arobaini, alamu ikaanza yenyewe: pi-pi-pi-pi, inanyamaza kidogo, pi-pi-pi-pi. Nikajua nimekiharibu kitufe kwa kukibonyeza sana. Mama Lulu akasimama.

"Mama Eliya, huo ndio mlio wenyewe. Tutoke nje, jamani, na hilo jiko litoke."

Kama angesema mwingine yeyote ningetoka. Lakini alikuwa yeye, ndani ya nyumba yangu, anawapa amri wageni wangu! "Dada yangu, kaa," nikamwambia. "Au unataka maombi yahamie kwako?"

Wengine wakacheka. Mama Lulu hakucheka. Alimshika mkono mama mmoja mjamzito, wakatoka, na mimi nikaufunga mlango nyuma yao kwa nguvu kidogo. Kisha nikaishusha alamu yangu, nikatoa betri zote mbili, nikazitia mfukoni. Kimya kizuri. "Tuendelee na wimbo," nikasema.

Wimbo haukufika mbali. Bibi Tamali, mkubwa wetu kwa umri, alinyamaza akashika kichwa. Mwingine akasema kizunguzungu. Mama Simbeye akainuka aombe, akasema "Baba yetu," akakaa chini taratibu, akaegemeza shavu kwenye sinia la maandazi kama mtoto anayesinzia. Nikainama nimwinue. Nikatapika, jamani. Mbele ya kwaya nzima, juu ya kitenge kipya cha Bibi Tamali.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Mama Lulu alikuwa amekimbia kumwita mume wangu kwenye gereji anakotengeneza magari, na wakaingia pamoja, kitenge puani, yeye akifungua madirisha, Baba Eliya akilibeba jiko nje. Wakatukokota mmoja mmoja hadi uani. Nililala kwenye majani nikiangalia mbingu, majirani wamejaa pembeni ya michongoma, na nikasikia mtu akiuliza, "Hawa wamekunywa nini?"

Tulipakiwa kwenye pikapu ya mteja wa Baba Eliya hadi kituo cha afya. Waliozidiwa wakawekewa oksijeni, na Bibi Tamali hakufumbua macho mpaka jioni. Nikawa nauangalia mkono wake tu, naomba utikisike. Nikamwambia Mungu akinirudishia yule bibi sitaringa tena na kitu chochote. Alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kitenge changu kiko wapi?" Nikalia.

Daktari alipita akituuliza maswali, wodi nzima inasikiliza. "Hamkuwa na alamu?"

"Tulikuwa nayo."

"Haikulia?"

"Ililia."

"Sasa?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikamwonyesha betri mbili kwenye kiganja. Wale wanawake waliokuwa na nguvu za kugeuza shingo waligeuka wote wakanitazama.

Baada ya siku tatu nilienda kwa Mama Lulu na ile karatasi, nikamwomba anifundishe. Hakunisimanga, na hilo liliniuma kuliko masimango. Mlio wa nne nne ni hewa: watu nje kwanza, maswali baadaye. Mlio mmoja mmoja wa mbali mbali ni betri zinaisha. Na alamu si ruhusa ya kuwasha mkaa ndani, jiko la mkaa mahali pake ni nje, hata likibaki majivu yenye joto. Baba Eliya akaja kuifunga upya, na safari hii nilimshikia ngazi.

Sitawadanganya kwamba wivu umekwisha. Juzi nimeona jiko jipya la gesi likishushwa kwa Mama Lulu, mafiga manne, linang'aa. Nikahisi kitu kinanipanda kifuani. Nikavaa ndala, nikazunguka ua, nikabisha hodi.

"Hongera, jirani," nikasema. "Nielekeze linavyowashwa, kabla sijaenda kununua la kwangu."