Bi Futa aliambiwa aondoe, akaondoa

Saa moja na nusu asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba anavuta kiti mbele ya kompyuta ya wafamasia. Anawasha, anasubiri, kisha anaita orodha ndefu ya vifurushi vya programu inayojaza kioo chote.

"Hii hapa," anasema, akigusa mstari mmoja kwa ncha ya kalamu. "Ya zamani ipo, mpya ipo. Zimekaa nyumba moja, na kila moja inajiita mwenye nyumba."

Anaandika amri ya kuondoa, *pip uninstall*, kisha jina la kifurushi na kitufe cha kuingiza. Mashine inamuuliza kama ana hakika. Hapo mkono wake unasimama. Anatoa daftari jeusi mkobani na kumsogezea mfamasia wa zamu.

"Weka sahihi, kaka. Na saa uandike."

"Kila mara sahihi, Bi Futa? Unaondoa programu au unafungisha ndoa?"

"Ndoa ingekuwa na nafuu. Weka sahihi."

Mfamasia anacheka na kusaini. Yeye hacheki. Anabonyeza herufi moja ya kukubali, na toleo la zamani linaondoka kimya kimya.

Hospitali hii ya umma ina kompyuta mia mbili na kumi na mbili. Zamu za wauguzi, hesabu za dawa na miito ya wagonjwa huendeshwa na programu ndogo ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya Python. Kila programu huegemea vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, walio mbali, wasiojua hata kama hospitali hii ipo. Kifurushi kikitolewa toleo jipya, la zamani mara nyingi husahaulika mashinini. Likiachwa, huweza kugombana na jipya, au kuwa tundu la kupitia wezi wa taarifa.

Kazi ya Bi Futa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni kuyasaka matoleo hayo na kuyaondoa. Jina alipewa na wauguzi, likamganda. Ni kazi isiyo na shukrani: ikienda vizuri hakuna anayejua kuwa imefanyika.

"Nilipomwambia shangazi kwamba kazini nashughulika na vifurushi, aliniomba nimwekee cha wiki kwenye simu yake," anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule za mtaa mzima, na kwa sindano hiyo hiyo akamsomesha mtoto wa kaka yake mpaka akapata cheti cha kompyuta. Kisukari kilipoanza kumla macho, ni Bi Futa aliyemwandikisha katika kliniki ya macho ya hospitali anayofanyia kazi, awe anachomwa sindano ya jicho kila baada ya wiki sita.

"Nilijiona nimepata bahati," anasema. "Mgonjwa wangu yuko chini ya paa langu."

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tano ukielekea ukingoni, ulikuja waraka kutoka ofisi kuu: matoleo yote ya zamani yawe yameondolewa kabla ya Ijumaa. Alipofika kliniki ya macho, alisita. Programu ya kuita wagonjwa iliandikwa na daktari kijana aliyekwisha hama, nayo ilikuwa ikitumia toleo la zamani la kifurushi cha kusoma tarehe.

Akamfuata mkuu wa kitengo, akamkuta kwenye korido akielekea kikaoni.

"Bosi, ile ya kliniki ya macho tuiache kwanza. Nipe wiki mbili niijaribu pembeni."

"Waraka unasema Ijumaa."

"Naelewa, lakini sijui itafanya nini tukiiondolea ile ya zamani."

"Ondoa. Programu ikigoma, tutajua."

Aliondoa. Hakuwa na karatasi wala shahidi, maana maneno ya korido hayana muhuri.

"Ingegoma, kweli tungejua," anasema. "Tatizo haikugoma. Ilikubali."

Toleo la zamani lilisoma tarehe kwa kuanza na siku. Jipya lilianza na mwezi. Mgonjwa aliyeandikiwa 4/6, yaani tarehe nne mwezi wa sita, sasa alisomeka kuwa wa tarehe sita mwezi wa nne. Na kwa kuwa mwezi wa nne ulikwisha pita, programu ilimhesabu kuwa ameshatibiwa, ikamwondoa kwenye orodha. Waliopangiwa tarehe kumi na tatu na kuendelea waliitwa sawasawa, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu wa kuchanganya. Kliniki ilijaa watu kama kawaida, na hakuna aliyeshtuka.

Nyumbani, shangazi alishtuka.

"Mwanangu, mbona safari hii hawajaniita?" aliuliza wakiwa mezani.

"Watakuita, shangazi. Mashine haisahau."

Wiki ya pili akauliza tena, akasema kuna kitu kama utando kinatembea jichoni. Bi Futa alimjibu kwamba foleni ni ndefu, asubiri ujumbe. Hilo ndilo jibu analolirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

"Aliniuliza mara mbili. Mara mbili nikaitetea mashine."

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetoboa jipu, tena kwa maneno ya kupitisha muda. Mwishoni mwa mwezi wa saba, wakipanga foleni ya chai, alimwambia: "Siku hizi wagonjwa wa mwanzo wa mwezi wamepungua. Wamepona, au wamehamia wapi?"

Bi Futa aliacha kikombe pale pale. Alipanda ngazi, akafungua programu, akalinganisha tarehe za kwenye mafaili na zile mashine ilizozisoma. Majina thelathini na moja yalikuwa yamedondoka. La shangazi yake lilikuwa la kumi na tisa.

"Nilisoma jina lake mara tatu. Nilitaka liwe la mtu mwingine. Halafu nikaona aibu, maana hata huyo mwingine ni shangazi wa mtu."

Wagonjwa wote waliitwa ndani ya siku tatu. Wengi waliwahiwa. Sita hawakurudi katika hali yao ya awali, naye shangazi ni mmoja wao. Damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho la kushoto, na daktari alisema lisingefika huko kama angechomwa sindano kwa wakati. Jicho la kulia linaona, ila haliwezi kumsaidia kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Cherehani imefunikwa shuka pembeni ya kitanda.

Iliundwa kamati ya watu watatu. Kikao kilichukua dakika arobaini.

"Nani aliyeondoa toleo la zamani?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi."

"Ulijua kuwa kuna hatari?"

"Nilijua, na nilimwambia mkuu wangu."

Mkuu alisema hakumbuki mazungumzo hayo. Mwenyekiti akafunga jalada. Bi Futa alipewa barua ya onyo kali na kupandishwa kwake daraja kukasimamishwa kwa miaka minne. Mkuu alihamishiwa ofisi kuu, kwa cheo kikubwa zaidi. Alipotafutwa kwa simu, alisema hana la kuongeza juu ya jambo lililokwisha fungwa.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," anasema Bi Futa. "Kila aliyeutazama wangu aliuona mwepesi, akaniachia."

Nyumbani alichelewa kusema ukweli. Wiki nzima alipika, akafua, akamwekea shangazi dawa ya matone bila kufungua kinywa. Siku ya nane alikaa chini na kumweleza yote, hata yale ya mezani.

Shangazi akauliza: "Huyo aliyekutuma, naye ameandikiwa barua?"

"Hapana."

"Basi usinililie mimi. Machozi yako yapeleke huko."

Hajawahi kumwambia kwamba amemsamehe, naye Bi Futa hajaomba. Wanaishi pamoja kama zamani, ila siku hizi shangazi akiambiwa "subiri", huvaa viatu na kwenda mwenyewe.

Ndipo lilipoanza daftari jeusi. Ana kurasa mia na themanini za sahihi, na wapo wanaomwita mchawi wa karatasi. Mara tatu ameomba kompyuta moja tu ya majaribio, ili kila programu ijaribiwe pembeni kabla ya kuguswa. Mara tatu amejibiwa kwamba ombi linafanyiwa kazi. Wakati huo huo waraka mwingine umeingia, wenye Ijumaa yake.

Mwezi ujao rufaa yake itasikilizwa na tume ya watumishi. Hadai fidia. Anataka barua itoke kwenye jalada lake, na jina la aliyetoa amri liandikwe mahali panapostahili. Wenzake wamemshauri aachane nayo, asije akapoteza hata kiti alichonacho.

"Labda nitashindwa," anasema, akikunja waya wa chaji na kuutia mkobani. "Lakini safari hii siendi peke yangu."

Shangazi ameshachagua gauni, moja ya nguo za mwisho alizoshona. Bi Futa alipomwonya kwamba kikao ni kirefu, na pengine hawatampa nafasi ya kusema, alijibiwa bila kupandishiwa sauti.

"Sihitaji kusema. Nitakaa mbele. Wao wana macho mawili mawili, wanitazame."