Niliogopa Ukame, Nikamficha Mke Wangu

Msinionee huruma. Nilichofanya nilikifanya kwa mguu wangu mwenyewe, na mguu huo ulikuwa umevaa buti.

Mimi ni mkulima wa Ngoliba, baba wa mvulana na msichana. Kwa desturi yetu Wakikuyu, mvulana alipewa jina la baba yangu, msichana la mama yangu. Mvulana wa pili ndiye angepewa jina la baba wa mke wangu, na kwetu mtoto akichukua jina la babu, ni babu amezaliwa tena. Mke wangu, nitamwita Wangari, aliomba huyo mvulana kila siku ya Mungu.

"Baba Kamau, mzee ndiye alitupea ng'ombe ya kuanzia maisha," aliniambia. "Hawa wote ni wa kwenu. Mimi nitazalia kwetu lini?"

Lakini mimi nilikuwa nimeona mambo. Misimu mitatu mahindi yaliungua yakiwa kimo cha goti. Ng'ombe huyo wa mzee alianguka kwa njaa, tukamwinua na majirani kwa miti, akaanguka tena, nikamchinja nikilia. Mvua ilipokuja ilibeba udongo pamoja na mbegu. Redioni walisema hali ya hewa imeharibika na itazidi. Nikamtazama binti yangu akikwangua sufuria ya uji, nikaapa: sileti mtoto mwingine duniani aje kula vumbi!

Uoga huo siujutii. Najutia nilivyoutumia.

Nilidanganya naenda Thika kutafuta mbolea, nikaenda hospitali nikafungwa mirija ya uzazi. Muuguzi alinionya, "Bado unaweza kupeana mimba. Tumia kinga miezi mitatu, halafu urudi tupime." Kinga? Ningemwambia Wangari ni ya nini? Na kurudi sikurudi. Nilifika nyumbani nikichechemea, nikasema pikipiki ilinitupa.

Mbaya zaidi, nikajifanya mume mwema. Vidonge vya kupanga uzazi nilivyomtaka ameze vilikuwa vikimuumiza kichwa, nikamwambia aviache. Alishika mdomo, machozi yakamlengalenga. Mimi mjinga nikadhani anashukuru kwa sababu ya kichwa! Kumbe alisikia nimekubali azae kwao.

Kabla miezi mitatu kuisha, alinijia shambani mchana, anacheka peke yake.

"Baba Kamau, mzee anakuja! Nimepima, iko!"

Damu ilinipanda masikioni. "Ya nani?"

"Ya nani aje? Wacha mchezo."

"Nakuuliza hiyo mimba ni ya nani!"

Nilimzaba kofi akaanguka katikati ya mahindi. Nikamtandika na mpini wa jembe mgongoni, mikononi. Alipojikunja kulinda tumbo, nikamvuta mikono ili nilifikie. "Woi, ni yako! Ngai, Mungu wangu, ni yako!" Nikampiga teke. Nikampiga tena. Majirani wanne walinirukia na bado nilikuwa narusha miguu, mmoja nikamuuma sikio akatoa damu.

Hospitalini nilikuwa bado napayuka. Nilimwambia daktari, mbele ya watu, kwamba nimefungwa uzazi, kwamba nimefanywa mjinga na mwanamke. Akaniuliza swali moja tu.

"Ulirudi kupimwa?"

Nilipimwa siku hiyo hiyo. Mbegu bado zilikuwapo. Mtoto alikuwa wangu!

Wangari aliponea chupuchupu, lakini mfuko wa uzazi ulitolewa. Nilikuwa nimeapa njaa haitaniulia mtoto, nikamuua mimi.

Mzee, baba yake, alinikuta kwenye benchi. Hakunisalimia. Aliinua bakora akanichapa mdomoni, meno mawili yakaanguka sakafuni. Sikujikinga.

"Hiyo ni ya msichana wangu," akasema. Akanichapa tena, kichwani, nikaona giza. "Na hii ni yangu. Ni mimi ulikuwa unapiga teke."

Sasa nina kesi kortini, na nyumba haina mtu. Wangari yuko kwao na watoto. Nilimtuma shangazi yangu akaniombee msamaha, akarudi na neno moja: "Angeniambia."

Wewe mwanaume unayetazama jua hili ukaogopa kuzaa, ogopa, una haki yako. Lakini usiende kukatwa kisiri halafu urudi kulala kitanda kimoja na mtu anayepanga jina la mtoto. Mwambie! Mketi mgombane. Wangari angelia. Angeninunia wiki nzima, angeniambia mimi na watu wetu ni wachoyo, pengine angeenda kwa baba yake kunishtaki, na mzee angeniita anifokee. Kisha angerudi apike chai.

Hicho kilio chake ndicho nilichokikimbia.