Mwisho wa Kitabu cha Zubeda

Bibo, lile tunda la mkorosho, likianguka na kulala juani siku moja tu, hutoa harufu ya utamu unaoanza kuchacha, harufu inayokaa puani hata ukijifunika shuka gubigubi. Watu wa kwetu Lionja hawaisikii tena, wameizoea kama hewa ya msimu wa korosho. Mimi naisikia hadi leo nikiwa Ruangwa mjini, ukipita upepo kutoka mashambani, na kila nikiisikia namwona mama yangu amekaa chini, miguu kainyoosha, kapu la mabibo ubavuni. Mikono inanyofoa korosho na kuzitupia kwenye ndoo, na katikati ya nyayo zake kuna kitabu kilichofunguliwa, kimeshikiliwa na vidole gumba vya miguu. Hivyo ndivyo mama alivyosoma. Mikono ilikuwa ya kazi, macho yalikuwa yake. Ukifika wakati wa kufungua ukurasa alijifuta mkono kwenye khanga, lakini maji ya bibo hayafutiki. Kila kitabu alichokipitia kilibaki na madoa ya kahawia pembeni, na mimi na mdogo wangu Rehema tuliweza kujua mama amefika wapi kwa kutazama madoa yameishia wapi.

Mama alisoma hadi darasa la saba, akafaulu, kisha akaambiwa kwamba kufaulu kunatosha. Vitabu alivipata kwa mwalimu mmoja wa kike aliyepanga chumba jirani na kwetu. Mwalimu huyo alipohamishwa alimwachia mama katoni nzima ya vitabu, vingi vikiwa riwaya, baadhi vimetoka majalada. Mama aliiweka katoni ile chini ya kitanda, akaitandikia gunia mchwa wasiingie. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini usiku tukibangua karanga za mboga alitusimulia alichosoma mchana, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama ana sauti nyingine. Alibadilika akawa hakimu, akawa mlevi, akawa mama mkwe mwenye kiburi. Tulicheka hadi karanga zikamwagika. Baba alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, mgongo katugeuzia, akisikiliza redio ambayo nusu ya muda ilikuwa inakoroma tu.

Msimu ninaousema, kitabu kilikuwa kimoja, nacho hakikuwa na jalada. Hatukujua jina lake wala la aliyekiandika, basi tukakiita kitabu cha Zubeda. Zubeda alikuwa mshonaji aliyeolewa na mwanamume ambaye hakumpiga wala hakumtukana, ila hakutaka awe na chochote ambacho yeye mume hakukielewa. Siku moja Zubeda alitoka sokoni akakuta cherehani yake imeuzwa. Hakulia. Alifunga nguo zake kwenye khanga, akaenda kituo cha basi, akasimama pale na kifurushi chake huku kondakta akipiga kelele kwamba basi linaondoka. Mama alipofika hapo alisema mengine kesho, yeye mwenyewe bado hajafika mbele. Rehema alikasirika. Mimi nililala nikiliwaza lile basi, na sijui kwa nini nilitamani sana lisimwache.

Hiyo kesho haikufika, kwa sababu baba alikwenda kushtaki. Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyokuwa tunaishi, maana nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Baba alitoka Marambo, akaja kuoa kwetu, na kwa desturi ya huku akajenga kwa wakwe. Mikorosho ilikuwa ya ukoo wa mama, kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mama, na sisi watoto tulihesabiwa upande wa mama. Mwenye kauli ya mwisho juu yetu hakuwa baba bali mjomba, kaka yake mama, ambaye naye alikuwa ameoa na kujenga kwa wakwe zake huko Chunyu. Mume akiwa na lalamiko juu ya mkewe hakumpiga mke, alimwita kaka wa mke. Ukisikia hivyo utadhani mwanamke alikuwa salama, yuko kwao, kwenye ardhi yao, anahukumiwa na ndugu yake wa tumbo moja. Mimi nilidhani hivyo. Nilimwona mjomba anashuka kwenye pikipiki yake nikafurahi, nikasema moyoni, sasa baba ataona.

Kikao kilikaa barazani kwetu baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwepo mjomba, baba, mama, na bibi Somoe, yule aliyemfunda mama unyagoni alipokuwa mwali, maana naye huitwa mwanafunzi wake akilalamikiwa. Sisi watoto tulifukuzwa, tukaenda kukaa nyuma ya ukuta wa jikoni ambako maneno yanafika vizuri zaidi. Nilitarajia baba aseme chakula kimeungua, au shamba halijapaliliwa. Hakusema hayo, na asingeweza, kwa sababu mama hakuwahi kuunguza hata ugali. Baba alikohoa, kisha akasema, "Anacheka peke yake chumbani. Nikiingia anaacha. Mie nkimwambia jambo la kuchekesha, ananiangalia tu."

Leo nikiwa mtu mzima naweza kumwonea huruma mwanamume anayefikisha lalamiko la namna hiyo mbele ya wakwe. Siku ile sikumwonea, na hata leo huruma yangu haifiki mbali. Angeweza kumuuliza mama, "Unacheka nini?" Mama angemwambia. Mama alikuwa na njaa ya kuulizwa. Lakini baba aliona ni rahisi zaidi kuita watu.

Bibi Somoe alimuuliza mama kama ni kweli. Mama akajibu kwamba ni kweli, anacheka, kitabu kinachekesha. Bibi akasema yeye hakumfundisha kucheka na makaratasi, alimfundisha kucheka na mume. Kisha mjomba akazungumza, na sauti yake naikumbuka kwa sababu haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. "Dada," alisema, "huyu shemeji ndiye anayepuliza dawa ya salfa nkorosho yote hii. Mimi niko Chunyu, kule nako nina nkorosho ya wenyewe. Huyu ntu akirudi kwao Marambo, nani atapuliza? Wewe? Kwa hivyo vitabu?" Baba hakuwa ametamka neno la kuondoka. Mjomba ndiye aliyelitamka, akaliogopa mwenyewe, na akatafuta cha kulipia woga wake. Alisema vitabu vihamie kwake Chunyu, atavihifadhi, na dada yake akitaka kusoma aende kumtembelea. Alilisema kama upendeleo.

Husemwa kwamba damu ni nzito kuliko maji. Siku ile nilijifunza kwamba salfa ni nzito kuliko damu. Mama hakubisha. Aliingia chumbani, akatoka na katoni, akaiweka miguuni pa kaka yake, na juu kabisa kilikuwa kitabu cha Zubeda, madoa yake yakiangalia juu. Mjomba aliifunga katoni kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki kwa mpira, akala wali kwa kuku, kuku ambaye mama mwenyewe alimchinjisha na kumpika, akamsifu dada yake kwa mkono mzuri, akaondoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema wahenga. Mimi nilingoja ule mshindo wa mama hadi msimu ukaisha, hadi mvua zikaja na mabibo ya mwisho yakaozea chini. Haukuja. Aliendelea kunyofoa korosho akiwa amekaa vilevile, miguu kainyoosha vilevile, na katikati ya nyayo zake palikuwa na mchanga.

Usiku mmoja Rehema, ambaye alikuwa mdogo na hakujua mambo ya kunyamazia, alimuuliza mama kama Zubeda alipanda lile basi. Baba alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Redio ilikuwa imezimwa, nadhani betri zilikuwa zimekwisha. Mama aliendelea kubangua karanga kidogo, kisha akasema, "Hakupanda. Alirudi nyumbani. Alikuta mume wake anamngoja, wakala, wakalala." Rehema akasema, "Ndiyo imeisha?" Mama akasema ndiyo imeisha. Baba alijikohoza pale mlangoni, kikohozi cha mtu aliyeridhika, na baada ya muda akauliza kama kuna maji ya kunywa. Nilimchukia Zubeda usiku ule. Nilimwona mjinga, na niliona ametusaliti sisi watatu tuliomsindikiza hadi kituoni.

Mwezi wa Shaabani tulikwenda Chunyu kwenye harusi. Mkazamjomba, mke wa mjomba, alikuwa anauza karanga za kukaanga mbele ya nyumba yake, na kwa ukarimu wake akatupa sisi wageni kila mtu kipakiti chake cha karatasi. Nilishamaliza karanga zangu ndipo nikaona doa la kahawia ukingoni mwa karatasi. Nikaangalia ya Rehema, na yenyewe ina doa. Katoni ilikuwa pale kibarazani, imebaki robo, na vitabu vilivyobaki vimechanwa nusunusu. Hakukuwa na ubaya wowote usoni kwa mkazamjomba. Hakuna aliyemwambia kwamba vile ni vitu vya mtu. Nilimpelekea mama ile karatasi. Aliikung'uta chumvi, akainyoosha kwenye paja, akaisoma pande zote mbili, kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga, pale wanawake wanapofunga hela. Akanyanyuka akaenda kuwasaidia wenzake kuchagua mchele wa harusi. Mjomba alipita akatuuliza kama tumeshiba.

Nilikua, nikaolewa, na nikaapa kwamba kwangu haitakuwa hivyo. Na kweli haikuwa hivyo. Mume wangu alisoma kunizidi, hana shemeji wa kumwendea kunishtaki, na wageni wakija huwaonyesha kabati langu la vitabu na kusema, "Mke wangu huyu ni msomaji, acheni mchezo." Naagiza vitabu kwa simu, vinakuja na basi kutoka Dar es Salaam, vipya, vinanuka wino. Tangu mwaka uanze nimepata kile cha mjane aliyefungua mgahawa, kile cha ndugu wawili walioacha kusemeshana, kile cha mwanamke aliyeamua kwenda kumtafuta baba yake. Vyote niliviwekea alama katikati, pale nilipokomea. Nikifungua tu, mume wangu anakumbuka kwamba shati lake la bluu halionekani. Nikifungua tena, anakumbuka chai. Hanikatazi hata siku moja, ananihitaji tu, kwa upole, na kila mara kitabu kinapokuwa mkononi. Mama alinyang'anywa vitabu kwa kikao, mashahidi wakakaa, kuku akachinjwa. Mimi sikuitiwa kikao. Sina hata wa kumlaumu mbele ya watu, kwa sababu nikisema, nasema nini? Kwamba mume ameomba chai?

Baba alifariki. Mama alipotoka eda nilikwenda Lionja kukaa naye siku chache, na kwenye mkoba nilitia kile kitabu cha mwanamke anayemtafuta baba yake. Macho ya mama siku hizi hayaoni herufi ndogo, basi nilimsomea. Tulikaa nyuma ya nyumba, mabibo yakinuka, na hakuna mtu aliyeomba chai. Tulikimaliza. Ni kitabu cha kwanza nilichokimaliza tangu nilipojifungua mwanangu Nasra, na mwisho wake ni huu: yule mwanamke anampata baba yake, anamtazama kutoka ng'ambo ya barabara, na anaamua kwamba hatarudi, si kwa baba wala kwa mume aliyemwacha nyumbani. Ndipo nikamwambia mama kwamba nilimchukia sana Zubeda kwa kurudi.

Mama alicheka, kile kicheko cha chumbani nilichokuwa nimekisahau. "Zubeda alipanda," akasema. "Alipanda basi, akakaa dirishani, akampa kondakta nauli, hakugeuka. Nilikimaliza alfajiri ya siku ile aliyokuja mjomba wako. Nilijua wanakuja, nikaamka kabla ya adhana."

"Sasa mbona ulituambia alirudi?"

"Baba yenu alikuwa amekaa pale mlangoni."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia baadaye, nilipokuwa mkubwa, kabla sijaolewa. "Ulikuja na mchumba umefurahi hivyo," akasema. "Ningekwambiaje, mwanangu? Ningekuharibia."

Nilirudi Ruangwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Mama alikuwa amenificha basi zima kwa miaka yote ile, na alifanya hivyo kwa kunipenda. Jioni ile nilikuwa napanga kitabu kabatini, mume wangu kakaa kwenye kochi na simu yake, Nasra yuko kwenye zulia na daftari zake za shule. Akainua kichwa. "Mama, hicho umekimaliza? Kinaishaje?"

Mume wangu hakuinua macho kwenye simu. Lakini kidole chake kiliacha kusogea.

"Anarudi nyumbani," nikasema. "Kwa mume wake. Ndiyo imeisha."

"Hivi, Mama Nasra," akasema mume wangu, kwa upole wake uleule, "chai ipo?"

Nikaenda kuchemsha.