Meneja Alinifuta Kazi kwa Sala

Mguu wangu ulivunjikia kiwandani Kisumu, katika chumba cha kukatia minofu ya samaki aina ya mbuta. Ningependa kusema niliumia nikimwokoa mtu. Ukweli ni kwamba nilikanyaga ngozi ya samaki, nikateleza, nikapita chini ya meza nikiwa nimekaa, kisu bado mkononi, mpaka ukuta uliponisimamisha. Wenzangu walipiga makofi kabla hawajaona mguu wangu umeelekea upande gani.

Hospitalini walinifunga plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Daktari akasema nipumzike mpaka mfupa ushike, na kampuni ikakubali kunilipa fidia ya kuumia kazini kwa muda wote huo. Mume wangu hufanya kazi kwenye feri ya Luanda Kotieno na nyumbani huonekana kwa nadra, kwa hiyo nilipelekwa kuuguzwa na mama mkwe wangu huko Asembo Bay.

Mama mkwe ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ana sauti inayoweza kuita mtumbwi urudi kutoka katikati ya ziwa. Aliniweka kwenye kiti barazani, mguu juu ya stuli, akaniambia kazi yangu ni kula. Kila aliyepita njiani aliitwa aje aone plasta.

Alasiri moja gari la kampuni likaingia uani. Akashuka meneja wa wafanyakazi, amevaa suti ya kijivu, amebeba mikate, sukari na majani chai. Jirani yetu, aliyekuwa akianika dagaa wa omena, alipoona suti na sukari pamoja alidhani nimekufa, akaweka mikono kichwani akaanza kuomboleza. Ilibidi nimpungie mkono ndipo anyamaze.

Meneja hakujua Kijaluo, basi tukazungumza Kiswahili. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, mkubwa."

"Vizuri. Sasa, nimekuja kwa sababu kampuni..."

"Kampuni nzuri sana!" mama mkwe akadakia. "Nani siku hizi anakuja kuona mgonjwa mpaka kijijini? Hata pasta wetu hajafika, na ana pikipiki!"

Meneja alijaribu tena chakula kilipoletwa. "Mama, kuna jambo kidogo..."

"Jambo haliongelewi na tumbo tupu, Baba. Kula."

Alipewa kichwa cha samaki wa ngege, heshima ya mgeni, na mlima wa ugali. Mimi nilijua siri ambayo kiwanda kizima kilijua: yule bwana alikuwa hali samaki. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, chakula chake cha mchana kilikuwa chapati na maharagwe. Sasa jicho la ngege lilikuwa linamtazama, na mama mkwe pia. Akala. Alikula akiwa amefumba macho, na mama mkwe akaninong'oneza kwamba mtu huyu anafurahia chakula kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpikia.

Aliposimama kuondoka bado hakuwa amesema lolote. Mama mkwe akamshika mkono. "Baba, hutoki hapa bila kutuombea."

Tukainamisha vichwa. Meneja akaanza: "Ee Mungu, tunakushukuru kwa dada yetu. Tunakushukuru kwa kazi njema aliyoifanya. Umemfungulia mlango huu kwa miaka mingi. Sasa, Bwana, kwa kuwa samaki wamepungua ziwani na kampuni imeamua kupunguza watu kuanzia mwisho wa mwezi huu, tunaomba umfungulie mlango mwingine..."

Nikafungua jicho moja. Yeye pia alikuwa amefungua moja. Tukatazamana.

"Amina!" mama mkwe akanguruma.

Meneja alikuwa ndani ya gari kabla mwangwi haujaisha.

"Amesali vizuri," mama mkwe akasema, akikusanya sahani.

"Mama, amenifuta kazi."

"Saa ngapi?"

"Kwenye sala."

Alisimama, akairudia sala midomoni neno kwa neno. Alipofika kwenye samaki waliopungua, alichukua mwiko na kutoka mbio. Kwa bahati ya meneja, barabara ilikuwa kavu na gari halikukwama.

Nililia jioni hiyo, siwezi kudanganya. Kazi ile ilikuwa baridi na harufu, lakini ilikuwa yangu, na meza yetu ilikuwa na vicheko. Tena kufutwa kazi ukiwa umekaa na mguu juu ya stuli kunakufanya ujione kama mzigo uliosahauliwa. Mama mkwe hakunibembeleza. Alisema, "Kesho tunaenda Kisumu," akaenda kupiga pasi gauni la kanisani.

Afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia haki za wafanyakazi, alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alitusikiliza, akampigia meneja simu, naye akaja. Alipomwona mama mkwe, alisogeza kiti chake karibu na mlango.

"Ulimpa notisi?" afisa akauliza.

"Nilimweleza... kwa njia ya maombi."

"Sheria inataka notisi. Haisemi chochote kuhusu maombi."

Meneja akajikakamua. "Lakini mama huyu aliitikia Amina."

"Amina yangu ilikuwa ya Mungu," mama mkwe akasema, "si ya kampuni!"

Afisa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. Kisha akamweleza meneja polepole: kupunguza watu kuna utaratibu wake, na hata kazi ikiisha, fidia ya mguu haiishi nayo.

Kampuni iliendelea kunilipa mpaka plasta ikatoka. Notisi ya kweli ilikuja baadaye, kwangu na kwa wenzangu kadhaa, kwa maana samaki walikuwa wamepungua kweli. Sehemu ya fidia iliyobaki nayo ililipwa. Nilinunua karai na jiko, nikaanza kukaanga samaki karibu na feri ya mume wangu, nikiwa nimekaa, kwa sababu mguu haupendi kusimama sana.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuja kuonja. Alitafuna taratibu, akitazama maji.

"Kiwandani walikufundisha kukata," akasema. "Kupika, bado."

Kisha akaagiza mwingine.