Kiingereza cha Ottilia kwenye ngoro

Ottilia Ndunguru, mkulima wa kahawa na mahindi katika milima ya nyuma ya Kigonsera, alikuwa amefeli Kiingereza cha kidato cha nne mara mbili. Chuo cha ualimu wa chekechea alichokitamani hakimpokei asiyefaulu somo hilo. Mwaka jana, akiwa mama wa watoto wanne, alijiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, akajiambia kuwa hii ndiyo mara ya mwisho.

Jumamosi alisoma kwa Mwalimu Isidori, mstaafu anayefundisha barazani kwake. Jedwali la nyakati za vitenzi Ottilia alilijua lote, akalitiririsha kama litania. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtaka aeleze kwa Kiingereza alichofanya wiki ile. Ottilia akaanza jedwali upya.

"Mama Bernadi," mwalimu alisema, "usiniletee tena jedwali. Niletee shamba lako."

Ilikuwa Machi, msimu wa ngoro. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hulima miteremko kwa mashimo hayo ya ngoro: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, zikawa matuta. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zikija, mahindi. Kiliani, mume wa Ottilia, alikuwa ameshalaza nyasi zake.

Ottilia alishika jembe, akautazama mteremko. Kule ng'ambo ya bonde walilima mwaka juzi, na habari yake iliishia hukohuko. Hapa nyasi zimelazwa: kazi imefanyika, lakini angali anaikanyaga, na bila hiyo asingekuwa na cha kufukia. Shimo hili analichimba. Mahindi watayapanda. Haya yote, nyakati zote za jedwali, alikuwa akiyasema kila siku bila kufikiri. Akaanza kuyasema kwa Kiingereza, kwa sauti, huku akichimba.

Mama mkwe wake, Gertruda, aliyekuwa akifukia mstari wa juu, aliwaambia wanawake wenzake kuwa mkwewe sasa anaongea na nyasi, na kwamba zikimjibu aitwe padre. Kiliani alipoleta togwa aliuliza kulikoni. Ottilia akamweleza kuwa kila kazi ya shamba ina wakati wake wa kitenzi, na nyasi zake zimeshalazwa.

"Kwa hiyo mimi nimeshapita?"

"Kazi yako ndiyo imekwisha, baba Bernadi. Yangu inaendelea."

Wanawake walicheka hadi wakaegemea majembe.

Tangu hapo, kila Jumamosi Ottilia alimsimulia mwalimu shamba lilipofikia. Makosa hayakukosekana; Isidori aliyasahihisha machache, mengine akayaacha yajirekebishe. Maharage yaliyokuwa yakichanua yakawa yamevunwa, na masimulizi yakabadilika pamoja nayo. Novemba alifanya mtihani.

Matokeo yalitoka Januari, akiwa anapalilia mahindi juu ya matuta yaleyale. Mtandao wa simu hushika kileleni tu, kwa hiyo alipanda. Kisha akashuka polepole, akaokota jembe, akaendelea na mstari wake. Kiliani, aliyekuwa akipalilia mstari wa pili, alimwangalia mara kwa mara.

"Nimepata C," Ottilia alisema alipofika mwisho wa mstari.

Kiliani alinyoosha mgongo, akatazama magugu yaliyobaki mbele yake.

"Haya, mwalimu. Kazi yako imekwisha. Yangu inaendelea."

Ottilia akavuka tuta, akamsaidia kumalizia.